Gari linagoma kuwaka asubuhi zenye unyevu: tafuta mahali cheche inapotorokea

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Namwandikia yule ambaye gari lake likilala nje usiku wa mvua au ukungu, asubuhi anapiga stata mpaka betri inachoka, halafu jua likishapanda linawaka mara moja kana kwamba halijawahi kuugua. Ukilipeleka gereji mchana, fundi anawasha, anasikiliza, anakuambia gari zima. Kesho yake alfajiri mnarudi palepale.

Nimeishi na gari la namna hiyo karibu mwaka mzima. Lilikuwa la zamani, silinda 4, kabureta, distribyuta (kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda kwa zamu). Nilibadilisha betri. Nikabadilisha pampu ya mafuta. Kabureta nikaisafisha mara mbili. Jibu lilikuja usiku mmoja bila kulitafuta: nilifungua boneti gizani injini ikinguruma, nikaona uzi wa mwanga wa buluu unatambaa juu ya kifuniko cha distribyuta, kutoka mguu wa waya mmoja hadi mwingine, unapotea, unarudi. Ile ndiyo cheche niliyokuwa nikiidai kwenye plagi, pale inapotakiwa kuwasha petroli. Ilikuwa inaishia njiani.

Tuanze na umeme wenyewe, maana ukiuelewa huo mengine yanakuja kirahisi. Betri inatoa volti 12. Koili inazipandisha mpaka kati ya volti 15,000 na 40,000 hivi, kutegemea aina ya mfumo. Zinahitajika nyingi hivyo kwa sababu cheche lazima iruke pengo la milimita moja au pungufu kidogo ndani ya hewa iliyogandamizwa. Hewa kavu ya kawaida inapasuliwa na takriban volti 3,000 kwa kila milimita. Hewa iliyobanwa ndani ya silinda inaukataa umeme zaidi ya hapo. Sasa umeme wenye nguvu hiyo hauheshimu waya. Ukiona njia nyepesi kuliko pengo la plagi, unapita huko. Plastiki ya kifuniko, mpira wa waya, kauri ya plagi, vyote hivyo kazi yake ni kuuzuia usitoke nje.

Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri. Lakini hakuna maji safi kwenye injini. Umande unatua juu ya vumbi, oili iliyokauka, chumvi ya barabarani, na mchanganyiko huo unakuwa utando unaopitisha. Utando mwembamba tu, ambao hata ukipitisha kidole huenda usiuhisi, unatosha.

Na kwa nini ni wakati wa kuwasha tu? Hapa ndipo watu wengi hawapafikirii. Stata inapozunguka inakula umeme mwingi, betri inashuka mpaka volti 10 hivi, wakati mwingine chini ya hapo, kwa hiyo koili inapata chakula kidogo na inatoa cheche dhaifu. Injini ni baridi, petroli haijageuka mvuke vizuri, kwa hiyo inadai cheche kali kuliko wakati mwingine wowote. Na unyevu uko kileleni, kwa kuwa chuma kilichopoa usiku kucha kinakutana na hewa ya asubuhi yenye mvuke. Vitu vitatu vinakutana dakika moja. Injini ikifanikiwa kuwaka, joto lake linakausha kila kitu, na ushahidi unapotea kabla hujafika kwa fundi.

Sasa jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Gari ambalo mfumo wake wa kuwasha hauna hitilafu huwaka hata mvua ikinyesha juu ya boneti. Ukiona unyevu umelishinda gari lako, jua kuna kitu kimeupa nafasi: ufa, uchafu, waya uliokakamaa, plagi iliyolika. Kukausha kunakusaidia leo ufike kazini, na sikatai, nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini ukiishia hapo kila siku unajipalilia ubaya mkubwa zaidi, kwa sababu cheche inayotambaa juu ya plastiki inaichoma, na plastiki iliyoungua inaacha kaboni. Kaboni inapitisha umeme yenyewe, haihitaji maji. Njia iliyokuwa inafunguka asubuhi za mvua tu inakuwa ya kudumu. Alama yake utaiona kwenye kifuniko, ndani au nje: mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, mara nyingi wenye matawi kama mizizi. Ukishauona huo usihangaike kuusugua, kifuniko kibadilishwe.

Jinsi ya kupima ni rahisi. Subiri giza. Gari liwe nje, pasipo kuta, usije ukavuta moshi. Washa injini, zima taa zote, fungua boneti, usimame ukitazama dakika mbili macho yazoee. Kisha chukua chupa ya kunyunyizia, ile inayotoa maji kama ukungu, unyunyizie kidogo kidogo: waya wa kwanza, wa pili, kifuniko, koili. Mahali utakapoona cheche au injini ikaanza kumisi (silinda kuruka zamu yake ya kuwaka), ndipo pabovu. Usiguse kitu chochote kwa mkono wakati huo, na mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asisogee karibu kabisa. Mikono, nguo na nywele ziwe mbali na feni na mikanda.

Wenye magari ya dizeli, hili halipo kwenu. Injini yenu inawasha mafuta kwa joto la mgandamizo, haina plagi za cheche.

Maswali karibuni.

#2 – Mchangiaji

Mkuu ahsante kwa uzi. Mimi huwa napuliza WD-40 kwenye distribyuta na waya, gari linawaka. Naifanya miaka sasa. Kwa hiyo unasema nimekosea?

#3 – Mleta uzi

Hujakosea ndugu. Hiyo dawa ilitengenezwa kwa kazi ya namna hiyohiyo, kufukuza maji. Herufi WD ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa maji, na 40 ni jaribio la arobaini, ndilo lililofanikiwa. Ilitoka San Diego, Marekani, mwaka 1953, kazi yake ya mwanzo ikiwa kukinga ganda la kombora la Atlas lisipate kutu. Inaingia chini ya tone la maji na kulisukuma.

Nina mambo mawili tu ya kukuambia. La kwanza ni la usalama, na nalisema kwa uzito wote: inashika moto. Ukipuliza ndani ya kifuniko cha distribyuta, ukafunga na kupiga stata hapohapo, mvuke wake umebanwa mle ndani pamoja na rota, kile kipande kinachozunguka kikigawa cheche. Kifuniko kinaweza kulipuka na kuruka. Puliza, futa kwa kitambaa kikavu, acha wazi dakika kadhaa mpaka harufu iishe, ndipo ufunge. Na usipulize juu ya injini ya moto.

La pili, haidumu. Sehemu kubwa inayeyuka, na mabaki yake ni oilioili yanayokamata vumbi. Baada ya miezi umejitengenezea utando uleule tulioukimbia. Ukitaka kinga ya kukaa, zipo dawa za kupuliza zenye silikoni, maalumu kwa mfumo wa kuwasha, zinazokauka na kuacha ngozi nyembamba. Lakini hizo nazo zinapakwa juu ya kitu kisafi na kikavu. Ukipaka juu ya uchafu umeufungia uchafu ndani.

Na miaka hiyo yote unayopuliza, umewahi kufungua kifuniko ukaangalia ndani?

#4 – Mchangiaji (fundi)

Mimi ni fundi, naomba kuongezea kwenye plagi kwa sababu mleta uzi kazitaja kwa neno moja tu.

Plagi iliyolika ni chanzo kikubwa cha tatizo hili na wengi hawaihusishi na unyevu. Pengo la plagi nyingi liko kati ya milimita 0.7 na 1.1. Kadiri inavyotumika ncha zinalika, pengo linapanuka, na volti zinazohitajika kulirukia zinapanda. Volti zikipanda, mpira na plastiki zinabeba mzigo mkubwa zaidi. Waya ambao ungevumilia unyevu na plagi mpya hauwezi kuvumilia na plagi iliyochoka. Nimeshaletewa magari ambayo mwenyewe anataka kununua waya zote na kifuniko, tukabadilisha plagi peke yake, unyevu ukaacha kumsumbua. Kwa hiyo mimi huanzia hapo. Plagi pengo lake lipimwe kwa gauji, lilingane na kitabu cha gari.

Angalieni ile kauri nyeupe. Mnaona kwenye plagi nyingi ina mikunjo kama pete? Ile si mapambo. Inarefusha njia ya juu ya kauri ili cheche isipate mkato wa kutelezea nje mpaka kwenye chuma. Ukishika plagi kwa mkono wenye grisi au oili halafu ukaifunga hivyohivyo, umeweka utelezi kwenye njia hiyo. Plagi ifutwe kwa kitambaa kabla ya kuvishwa mpira.

Halafu kuna alama mbili watu wanazichanganya. Ukiona pete ya rangi ya kahawia kwenye kauri, pale juu ya chuma tu, usiogope. Hiyo ni vumbi na chembe za oili zilizovutwa na umeme, plagi bado nzima. Lakini ukiona mstari mweusi uliosimama, unaoteremka kutoka juu ya kauri hadi kwenye chuma, hapo cheche ilikuwa inapita nje. Na ukiiona kwenye plagi, geuza mpira wa waya uangalie ndani yake, utakuta mstari pacha. Vyote viwili vibadilishwe pamoja. Ukibadilisha kimoja, kile cha zamani kitakiharibu kipya.

Kazi hii ya kuzuia umeme usitoroke si ya leo. Gottlob Honold, mhandisi wa Bosch Ujerumani, alitoa magneto ya volti kubwa pamoja na plagi yake mwaka 1902, na tangu hapo mafundi tunahangaika na kauri na mpira.

#5 – Mchangiaji

Fundi ubarikiwe. Hiyo ya pete ya kahawia nilishatupa plagi nzima kwa sababu yake.

#6 – Mchangiaji wa #2

Mkuu nimefungua kama ulivyoniuliza. Nje pako safi. Ndani kuna unga mweupe kwenye zile ncha za pembeni, kwingine wa kijani. Na kile kimkaa cha katikati kimebaki kifupi sana. Mstari mweusi sijauona lakini taa yangu ni ndogo.

#7 – Mleta uzi

Huo unga una habari ndefu.

Kila cheche inayoruka kutoka rota kwenda kwenye ncha inageuza sehemu ya hewa kuwa ozoni. Ndiyo ile harufu kali unayoipata karibu na mashine za umeme. Ozoni ikikutana na naitrojeni ya hewa na unyevu, matokeo ya mwisho ni asidi ya naitriki, kiasi kidogo sana, lakini ni asidi, na imefungiwa kwenye chumba kidogo. Inakula chuma, ndiyo unga unaouona. Pia inakakamaza mpira. Kwa hiyo ndani ya kifuniko unyevu una madhara mawili: unafungua njia ya cheche, na unakula ncha taratibu mpaka pengo kati ya rota na ncha linapanuka, na volti zinapanda tena kama fundi alivyoeleza.

Ndiyo maana distribyuta nyingi zina tundu dogo la kupumulia. Litafute kwenye yako, lichokonoe kwa kijiti kikavu. Likiziba, chumba kinajaa unyevu na ozoni bila pa kutokea.

Kimkaa, kile kinachopeleka umeme wa koili kwenye rota, kikishakuwa kifupi na ncha zikishaliwa, badilisha kifuniko na rota kwa pamoja. Wakati wa kuhamisha waya usizichomoe zote mara moja. Shika kifuniko kipya kando ya kile cha zamani, mkao uleule, uhamishe waya mmoja mmoja. Injini nyingi za silinda 4 zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2 na ukipishanisha waya mbili gari halitawaka, utalaumu unyevu bure.

Na kama siku moja umekwama barabarani kifuniko kimelowa ndani, huna haja ya kuchomoa waya hata mmoja. Legeza vibano au skrubu zake, kinyanyue na waya zake zote, futa ndani kwa kitambaa kikavu, futa rota, rudisha. Ni kazi ya dakika tano.

#8 – Mchangiaji

Wakuu kuna kitu nataka kujaribu. Kwa nini nisipake silikoni, ile ya kuzibia, kuzunguka kifuniko chote na kila waya unapoingia? Maji yatapita wapi?

#9 – Mleta uzi

Maji ya nje hayatapita, ndugu, ni kweli. Lakini hewa utakayoifungia ndani nayo ina mvuke. Ikipoa usiku, mvuke huo utatua kwenye plastiki ileile, na ozoni haitakuwa na mlango. Utafungua baada ya miezi kadhaa ukute unga wa mwenzetu wa #6 mara mbili. Kuna magari ya jeshi yaliyoundwa kuvuka mito, distribyuta zake zimefungwa kabisa, lakini hizo zina mirija maalumu ya kupitisha hewa mpaka mahali pakavu. Yetu hayana.

Kingine, silikoni nyingi za kuzibia zinazonuka siki zinatoa asidi ya siki zinapokauka, na asidi hiyo inakula shaba ya viunganishi. Karibu na umeme weka mbali kabisa aina hiyo.

Kinachofaa ni grisi ya silikoni isiyopitisha umeme. Kidole kimoja, upake utando mwembamba ndani ya mdomo wa mpira wa waya, upande wa plagi na upande wa kifuniko. Inaziba upenyo wa hewa kati ya mpira na kauri, maji hayaingii, na mpira haugandi kwenye plagi siku ya kuchomoa. Usijaze kwenye chuma cha kugusana, maana yenyewe haipitishi umeme.

Na kama tatizo lako ni maji yanayorushwa kutoka mbele, weka ngao badala ya kuziba. Mfano ninaoupenda ni Mini ya kwanza, ile iliyobuniwa na Alec Issigonis na kutoka mwaka 1959. Injini ililazwa kwa upana, distribyuta ikaangukia upande wa mbele, nyuma tu ya grili. Mvua ikinyesha na gari liko mwendo, maji yanaingia moja kwa moja. Wenye Mini huko Uingereza wakawa wanavalisha distribyuta glavu ya mpira ya kuoshea vyombo. Wanakata ncha za vidole, kila kidole kinapitisha waya mmoja: vidole vinne waya za plagi, kidole cha tano waya wa koili. Glavu ina vidole vitano na distribyuta ya silinda 4 ina waya watano. Upande wa chini unabaki wazi, hewa inapita. Nimewahi kuifanya kwenye gari langu na naweza kuitetea mbele ya fundi yeyote.

#10 – Mchangiaji (fundi)

Glavu naikubali, ila usiibane na kamba kwa chini, na isiguse mkanda wala feni.

#11 – Mchangiaji

Habari za humu. Gari langu ni la kisasa, halina distribyuta wala waya, lina koili nne zimekaa juu ya plagi. Juzi nilipeleka likaoshwa injini kwa mashine ya presha. Tangu hapo linamisi, linatetemeka likiwa limesimama, na taa ya injini kwenye dashibodi ilikuwa inapepesa nilipopanda kilima. Nimesoma uzi wote lakini sioni pangu. Nifanyeje?

#12 – Mleta uzi

Pako papo, na nakuomba kwanza uache kuliendesha. Taa ya injini ikiwa imetulia inakuambia kuna hitilafu, ukague. Ikipepesa inakuambia silinda haiwaki vizuri kiasi cha kuharibu masega ya egzosi, yale yanayosafisha moshi. Petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda ikiwa mbichi, inakwenda kuungulia ndani ya masega, yanapata joto lisilo lao na kuyeyuka. Kosa la maji ya dakika kumi linageuka kuwa ununuzi wa masega.

Mfumo wako una faida kubwa, hauna waya ndefu za kuvuja. Udhaifu wake ni tundu. Kila plagi imekaa chini ya kisima kirefu, koili imesimama juu yake kama kizibo, na mpira mrefu unashuka mpaka kwenye plagi. Maji ya presha yakipita chini ya ule mpira wa juu, yanashuka kisimani, na hayana pa kutokea. Joto la injini linayageuza mvuke, mvuke unapanda, unagota kwenye koili, unarudi kuwa maji. Yanaweza kukaa mle siku nyingi.

Kama una kifaa cha kusoma kodi za hitilafu kutoka kompyuta ya gari, soma. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, unaendelea hivyo. P0300 ni silinda zaidi ya moja bila mpangilio. Zima gari, acha lipoe. Chomoa kiunganishi cha waya wa koili, fungua boliti yake, ivute wima taratibu ukiizungusha kidogo, usiivunje. Mulika kisimani kwa tochi.

Ukikuta maji, sikiliza hapa vizuri: usifungue plagi kwanza. Ukiifungua, maji na mchanga wote vinadondoka ndani ya silinda. Pulizia hewa ya kompresa ukiwa umevaa miwani, au nyonya kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, mpaka pakauke kabisa. Ndipo utoe plagi uikague kwa zile alama za fundi. Mpira wa koili ukaushe ndani na nje, uukunje kidogo uone kama umepasuka, uangalie kama una kinukta au mstari mweusi. Mipira hiyo kwa magari mengi inapatikana bila kununua koili nzima. Paka grisi ya silikoni mdomoni, rudisha.

#13 – Mchangiaji (fundi)

Nyongeza kwa wa #11. Onja kwa macho hicho kilichomo kisimani. Kikiwa cheusi na kinateleza ni oili, siyo maji ya kuoshea. Mle ndani kuna sili zinazozuia oili ya tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini) isiingie kwenye visima. Zikichoka oili inapanda, inalainisha mpira wa koili mpaka unavimba, na mpira uliovimba hauzibi tena. Hapo badilisha sili na gasketi ya tapeti kava kwanza, vinginevyo mpira mpya nao utavimba.

Angalia pia kiunganishi cha waya wa koili. Ndani yake kuna kapete kadogo ka mpira. Mara nyingi sisi mafundi wenyewe tukichomoa kanadondoka, hatukarudishi. Bila hako maji yanaingia kwenye pini, zinaota kutu ya kijani.

#14 – Mchangiaji

Kwa hiyo injini haioshwi kabisa?

#15 – Mleta uzi

Inaoshwa, na ni vizuri ioshwe, maana tumeshaona uchafu ndio unaoyapa maji uwezo wa kupitisha umeme. Ni namna tu. Injini iwe vuguvugu, isiwe ya moto. Funika kwa mifuko ya plastiki distribyuta au koili, alteneta, boksi la fyuzi na mdomo wa kuingizia hewa. Tumia brashi na maji ya kutiririka, presha usiipeleke juu ya tapeti kava. Ukimaliza toa mifuko yote, futa, acha boneti wazi, kisha washa iungurume mpaka ipate joto kamili ili mabaki yakauke. Kuosha jioni na kulilaza gari bila kuliwasha ndiko kunakozaa simu za asubuhi.

#16 – Mchangiaji

Vipi kuhusu dimbwi? Mimi huku maji yakijaa barabarani gari linanizimikia katikati.

#17 – Mleta uzi

Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu watu wanaua injini.

Gari likizimika majini kuna sababu mbili zinazofanana kwa nje. Ya kwanza ni tuliyoizungumza: feni imerusha maji juu ya mfumo wa kuwasha. Dalili yake injini inaanza kumisi, inakohoa, inapoteza nguvu, halafu inazima. Ya pili ni injini kunywa maji kupitia kichujio cha hewa. Mara nyingi inazima ghafla, pengine kwa mshindo. Maji hayagandamiziki. Pistoni ikipanda na silinda ina maji, konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni, ndiyo inayopinda.

Kwa hiyo ukizimikiwa majini usipige stata. Sukumeni gari mpaka pakavu, fungua kichujio cha hewa, shika kile kikaratasi chake. Kikiwa kikavu, kausha kifuniko au koili kama tulivyosema, ujaribu kuwasha. Kikiwa kimelowa, acha hapohapo, toa plagi zote, ndipo stata izungushwe ili maji yatoke kwa kupitia matundu ya plagi. Hatari hii ya injini kunywa maji hata wenzetu wa dizeli inawahusu, na kwao inavunja zaidi kwa sababu mgandamizo wao ni mkubwa.

Kabla ya dimbwi punguza mwendo kabisa. Mwendo wa taratibu unasukuma wimbi mbele na kuacha bonde dogo nyuma yake, hapo ndipo injini inapopita. Ukiingia kwa kasi unalipandisha wimbi mpaka juu ya boneti.

#18 – Mchangiaji wa #11

Nimerudi wakuu. Kodi ilikuwa P0303. Kisima cha tatu kilikuwa na maji ya kina cha karibu kidole, safi, siyo oili. Mpira wa koili ile una mpasuko upande wa chini na mstari mweusi ndani, na plagi ina mstari mweusi kama fundi alivyosema. Nimekausha, nimeweka mpira mpya na plagi nne mpya. Gari limetulia, taa imezima. Ila leo mvua imenyesha likiwa limeegeshwa, nimefungua nimekuta tapeti kava limelowa upande wa nyuma. Silioshi, sijapita dimbwi. Maji yanatoka wapi?

#19 – Mchangiaji (fundi)

Fungua ile plastiki chini ya kioo cha mbele, zinapoanzia waipa. Chini yake kuna mfereji wa maji ya kioo wenye matundu ya kutokea pembeni. Majani yakiziba, maji yanafurika na kudondokea nyuma ya injini. Angalia pia ule mpira unaokaa kati ya plastiki hiyo na boneti.

#20 – Mchangiaji wa #11

Fundi, nimetoa majani ya kujaza ndoo. Tundu la kulia lilikuwa limeziba kabisa. Nimemwaga maji kwenye kioo, yanashukia pembeni sasa. Tapeti kava kavu.

#21 – Mchangiaji wa #2

Nami nimebadilisha kifuniko na rota, tundu la kupumulia lilikuwa limejaa matope. Asubuhi mbili za ukungu limewaka bila kupuliza kitu. Waya bado ni zile za zamani, nazipimaje?

#22 – Mleta uzi

Multimita, upande wa ohm. Chomoa waya mmoja, pima ncha kwa ncha. Waya za kaboni zinasoma maelfu ya ohm, ndefu zaidi kuliko fupi, na kitabu cha gari kitakupa kiwango. Ukisogeza waya huku unapima na namba ikarukaruka, au mita ikaonyesha hakuna mpito, huo umekatika ndani. Kisha ukunje kwa vidole mbele ya mwanga: ukiona vipasuko vidogo kwenye ngozi ya mpira, hata kama namba ni nzuri, badilisha seti nzima. Ukirudisha, zibaki kwenye vishikizi vyake, zisilaliane na zisiguse chuma cha injini. Usiku, rudia lile jaribio la ukungu wa maji uliloliona #1, kisha utuambie umeona nini.